Mashine Iliyomsemea Baba Mkwe

Ukitaka kumjua mume wangu vizuri, mpe kitu kizima. Kibovu kila fundi anakifungua. Yeye kizima ndicho kinachomwasha mikono. Feni yetu ilikuwa inazunguka vizuri tu, haina kelele, haina neno. Nikatoka kwenda kununua uzi, kurudi nakuta mapanga yako juu ya kitanda na yeye amepiga magoti, bisibisi mdomoni. "Nataka iwe inazima yenyewe ukisinzia," anasema. Nikamwambia mimi nikisinzia sihitaji feni ipewe taarifa. Hakucheka. Feni ile sasa inazima yenyewe kweli, ila inapenda kuzima mchana, mgeni akiwa ameketi chini yake anajipepea kwa bahasha.

Mtaani wanamwita Waya. Kazini ni msoma mita za maji, anazunguka nyumba hadi nyumba na kofia ya shirika, anafunua vifuniko, anaandika namba, anafukuzwa na mbwa. Kazi hiyo anaifanya kwa adabu na wala haimchoshi akili. Akili anaiacha nyumbani, kwenye meza ya sebuleni yenye kompyuta zilizokufa, moja inayokata roho, na moja nzima ambayo haruhusiwi mtu kuigusa. Kuna chaja zisizo na simu, na simu zisizo na chaja. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko upande wa pili wa sebule hiyohiyo, na mpaka wetu ni ukingo wa kapeti. Skrubu ikivuka kapeti naifagia, sina mjadala. Ananiita Sindano, na anasema si kwa ajili ya kushona.

Nayasema haya mjue kwamba sina ugomvi na vyombo vyake. Nimeishi navyo, nimevizoea, na simu yangu ikigoma namkimbilia yeye kama watu wengine wote. Nilichokuja kukiogopa ni kimoja tu. Kwa hicho kimoja, baba mkwe wangu nusura akatwe koo mara ya pili kwa ruhusa ambayo hakuitoa.

Baba mkwe, ambaye sote twamwita Baba, alikuwa mnadi. Alisimama juu ya kreti akauza makabati, majokofu, baiskeli, vitanda vya watu waliohama, na sauti yake ilifika mpaka kituo cha mafuta. Hakuwa mtu wa tafadhali wala samahani. Kwake mtu mzima alikuwa "wewe", na mtoto alikuwa "wewe hapo". Siku nilipopelekwa kutambulishwa alinitazama juu mpaka chini, akamwambia mwanawe, "Huyu atakusumbua. Mchukue." Nikampenda palepale.

Kisha koo likaanza kumkwaruza. Tukadhani ni kazi, ni vumbi la mnadani. Halikuwa vumbi. Hospitali wakamtoa kisanduku cha sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Kabla ya upasuaji daktari alimweleza kila kitu, naye akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Alipozinduka akafungua mdomo kumwita muuguzi, ikatoka hewa tupu. Akatutazama mmoja mmoja. Sitaki kuyaona tena macho yale maishani mwangu. Kumbe alidhani watatoa uvimbe tu, na kidonda kikipona sauti itarudi. Hakuna aliyemdanganya. Ila pia hakuna aliyehakikisha kwamba ameelewa.

Kuandika kwa kalamu hakuweza. Mkono wake unatetemeka, kalamu inakwenda inakotaka yenyewe, na akimaliza hata yeye hawezi kusoma alichoandika. Simu alikuwa nayo, lakini meseji hajawahi kuandika tangu azaliwe. "Mwenye shida na mimi apige," ndivyo alivyokuwa akisema. Basi akawa anakaa kwenye kiti chake anapiga meza kwa kiganja akitaka kitu, nasi tunabahatisha: maji, dawa, dirisha, redio. Tukikosea sana anatupa kisogo.

Waya alishika kichwa kwa siku kadhaa. Halafu siku moja akarudi kazini na mfuko, ndani yake tableti yenye ufa pembeni, ile ambayo watangazaji wanaiita kishikwambi. Akaifungua, akaibadilisha betri, akaifungia nyuma spika aliyoitoa kwenye redio ya zamani, akaitengenezea fremu ya mbao yenye mshikio. Herufi akazifanya kubwa kama viberiti ili kidole kinachotetemeka kisikose. Unaandika, unabonyeza kitufe cha kijani, inasema. Sauti yenyewe ilikuwa ya programu ya bure, ya mwanamume mpole anayeongea kama anasoma tangazo la msiba. Nilimwona mume wangu akifanya kazi kwa upendo ambao hata mimi nilimwonea wivu. Hakuipiga picha kuwaonyesha wenzake wa mtandaoni, na hilo kwake ni ajabu.

Lakini kizima hakimtoshi. Mashine ilikuwa inasema, basi ingetosha. Yeye akaongeza visanduku vitatu vya manjano juu ya herufi. Ukianza neno, mashine inabahatisha unalotaka, inakuletea maneno matatu, unabonyeza moja. Kisha inakuletea linalofuata, na linalofuata.

"Baba hatachoka kuandika," akaniambia, macho yanamng'aa. "Ataokota tu."

"Itajuaje anachotaka kusema?"

"Inajifunza. Unailisha maneno, mengi, inaona lipi hufuata lipi."

"Maneno ya nani?"

Hakugeuka. Alikuwa anahamisha meseji zake kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, za miaka yote, alizonitumia mimi, alizomtumia dada yake, alizowatumia wenzake wa kazini, na anaiunganisha na simu ili kila meseji mpya ijiongeze yenyewe. "Maneno tu, Sindano. Kiswahili ni Kiswahili."

Mimi nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, na mwenye sare ameshapiga simu kuulizia.

Siku ya kuijaribu tulikwenda kwa Baba. Anakaa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mwenye moyo laini kupita kiasi, anayelia hata akiona harusi ya watu asiowajua. Baba akawekewa mashine mapajani. Akabonyeza, akaokota, akabonyeza kijani. "Naomba maji tafadhali," ikasema mashine. Wifi akaanza kulia. Mimi nikaenda jikoni, nikamletea maji, nikamwekea glasi mkononi. Akabonyeza tena.

"Asante mke wangu."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baba mwenyewe mabega yalimtikisika. Waya akajikuna shingo akasema itazoea. Mara ya pili ikamwita wifi yangu, mtoto wake wa kumzaa, "dada". Tukacheka tena, lakini si sana.

Baada ya muda Baba akawa mpole. Alisema samahani kwa usumbufu. Alisema usiwe na shaka. Alisema tuko pamoja. Wifi akawa anasimulia majirani kwamba ugonjwa umemlainisha baba yake, Mungu ana njia zake. Mimi nikawa namtazama Baba mkono. Anaandika herufi moja, labda mbili, vile visanduku vinatokea, anasita. Kidole kiko hewani kinatetemeka. Na sisi sote tumeikodolea tableti, hakuna anayemtazama yeye, na mtu keshasema, "Enhe, Baba?" Basi anabonyeza cha manjano kilicho karibu, mashine inasema jambo zuri, tunafurahi, tunaendelea na habari nyingine.

Nilimwambia mume wangu. "Baba yako haongei hivi."

"Baba yangu hajawahi kuwa na tundu shingoni," akanijibu, tena kwa ukali. "Mwache mtu abadilike."

Nikafunga mdomo, na wanaonijua wanajua kwamba hiyo si kazi yangu.

Uvimbe ukarudi. Daktari mpasuaji, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni, alitueleza bila kuzunguka. Safari hii wangeondoa sehemu ya njia ya chakula pamoja na shina la ulimi. Angepata muda, huenda miaka. Ila asingekula tena kwa mdomo, hata uji. Angewekewa mpira tumboni, na chakula kingepita humo mpaka mwisho wa maisha yake. Asipofanyiwa, wangemtuliza maumivu, angekula mpaka ashindwe, na muda wake ungekuwa mfupi. Mfupi kweli, akasema, akatutazama ili tusijidanganye.

"Safari ile alinitikisia kichwa na mimi nikakubali kichwa," akasema. "Safari hii sitaki kichwa. Nimesikia ana mashine ya kusemea. Nataka aniambie mwenyewe, kwa maneno. Nendeni mkafikiri, mrudi wiki ijayo."

Wiki ile nyumba yetu haikukalika. Waya alitoka kazini moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, anasoma habari za watu walioishi na mpira tumboni mpaka wakaozesha wajukuu. Nikamkuta anafungua pampu ya tangi la samaki. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anamtengenezea Baba ya kumlishia, itapima yenyewe, haitakuwa na kelele.

"Baba hajakubali."

"Atakubali."

"Umemuuliza?"

Akaendelea kufungua skrubu. Hakumuuliza, wala mimi sikumuuliza, wala wifi. Kila mmoja wetu alikuwa anaogopa jibu lake. Siku hiyohiyo simu yangu ikalia, meseji kwenye kundi la familia, ameituma mtu aliyekaa hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu: "Dada, niko tayari kwa lolote. Hatuwezi kurudi nyuma sasa. Tuko pamoja." Wifi akajibu kwamba yeye hana nguvu za kuchagua, atakachosema Baba ndicho atakachokifuata. Nikaisoma huku natunga uzi kwenye sindano, nikaiweka simu chini.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza ya chuma, kalenda ya kampuni ya dawa, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Baba alikaa kwenye kiti, amevaa shati lake la mnadani lenye mifuko mikubwa. Sisi tulibanana kwenye benchi, isipokuwa Waya, yeye alisimama nyuma ya Baba ameshika mgongo wa kiti. Mashine ilikuwa mezani. Fomu ya ruhusa ilikuwa pembeni yake, na kalamu juu ya fomu.

Daktari akarudia yote, polepole. Mpira. Muda. Kutokula tena. Akasema chumba cha upasuaji kina nafasi, ila leo ndiyo mwisho wa kuithibitisha, ikichukuliwa na mwingine hajui nyingine itapatikana lini. Kisha akavaa miwani yake. "Haya, mzee. Nakusikiliza."

Baba akainua kidole. Nilikuwa upande wake, naiona skrini yote. Akabonyeza D, akabonyeza A, visanduku vikatokea, akachukua "Daktari". Akabonyeza N na I. Vikatokea vitatu. Akasita. Kidole kilicheza hewani kama kinatafuta kitu kilichodondoka.

"Enhe, Baba," Waya akasema taratibu.

Akachukua "niko". Hapo hakuandika tena hata herufi moja. Visanduku vilijileta vyenyewe na kidole kikawa kinatoka hiki kwenda kile, kama mtu anayevuka tope kwa kukanyaga mawe. Akabonyeza kijani.

"Daktari, niko tayari kwa lolote," ikasema ile sauti ya msiba. "Hatuwezi kurudi nyuma sasa. Tuko pamoja."

Wifi akajifunika uso kwa ushungi. "Basi," akasema kwa kilio. "Amesema. Basi." Waya akavuta pumzi ndefu, nikaisikia mpaka pale nilipokaa. Daktari akaichukua kalamu.

Sentensi ile niliijua. Niliijua neno kwa neno, nilikuwa nayo kwenye mkoba. Na niliona pia, wala sitaki kujipaka sifa, kwamba nikinyamaza tu kila mtu ndani ya chumba kile atapata anachokitaka. Mume wangu atakuwa na baba. Wifi hatachagua. Daktari atakuwa amesikia maneno.

"Daktari, ngoja kidogo."

"Sindano," Waya akasema bila kugeuka. "Si hapa."

"Hayo si maneno yake."

Daktari akanitazama juu ya miwani. "Wewe ni nani yake?"

"Mkwe wake."

"Nimemsikia kwa masikio yangu, mama. Sote tumesikia."

"Mmeisikia mashine." Nikatoa simu, nikatafuta ile meseji, nikamwekea mbele yake. "Soma. Tazama aliyeiandika ni nani."

Daktari akasoma. Wifi naye akatoa simu yake, akasoma, akanitazama kama vile nimemvua nguo mtu hadharani. Labda ndivyo nilivyofanya. Nikawaeleza: mume wangu aliilisha mashine meseji zake mwenyewe, kwa kuwa Baba hakuwa na hata moja, na Baba akianza neno, mashine inamalizia kwa maneno ya mwanawe. Kwa hiyo wiki zote hizi tulizokuwa tunafurahi kwamba Baba anaongea, nusu ya mazungumzo tulikuwa tunaongea na Waya.

"Unamlisha baba yako maneno," nikamwambia mume wangu, na hapo sauti ilinipanda. "Tena yale ya kumpeleka kwenye kisu."

"Inapendekeza tu!" Waya alikuwa amekuwa mweusi usoni. "Anayebonyeza ni yeye. Kuna mtu amemshika mkono? Umeona mtu amemshika mkono?"

Na hilo ndilo lililouma, maana ni kweli. Hakuna aliyemshika mkono.

Daktari akaiweka kalamu chini, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Baba. "Mzee, ndivyo ulivyotaka kusema?"

Baba akakigeuza kiganja juu, akakigeuza chini. Hakukubali, hakukataa. Kisha akainua uso akamtazama mwanawe, na kwa jinsi alivyomtazama nikaelewa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: huenda mzee yule alikuwa anaona yale maneno yanakwenda wapi, na alikuwa anayaacha yaende, kwa ajili ya mtoto.

"Hivyo visanduku vinazimwa?" daktari akauliza.

"Havizimiki hapa," Waya akajibu haraka. "Ni mpaka nyumbani, kwenye kompyuta. Tunaweza kuja siku nyingine."

"Siku nyingine nafasi haipo. Nimewaambia."

"Basi aseme kwa kichwa. Baba, si unakubali? Tikisa kichwa."

"Kichwa sipokei," daktari akasema.

Nje gari lilikuwa linarudi nyuma, linapiga mlio wake ule wa kukera. Mimi nikasimama. Simwiti mume wangu Waya, hilo ni jina la mtaani, mimi nina jina langu la kumwitia ambalo halimhusu mtu. Lakini pale nilimwita.

"Waya. Mimi nalala nyumba moja na wewe. Hujawahi kutengeneza kitu bila kukiachia mlango wa uani. Feni unao. Redio unao. Hata kufuli la choo uliliwekea, ukasema huwezi jua. Zima hivyo visanduku."

Alinikata jicho ambalo hajawahi kunikata. Nilidhani ataondoka. Nilidhani ataibeba mashine yake na kutoka nayo mlangoni, na ningeishi na mtu huyo miaka iliyobaki bila kuongea. Alisimama mkono uko juu ya ile fremu ya mbao aliyoipiga msasa mwenyewe.

Kisha akakandamiza kidole kwenye pembe ya skrini, palepale penye ufa, akakishikilia. Ikafunguka orodha ya maandishi madogo. Akagusa mara moja. Vile visanduku vya manjano vikazimika, zikabaki herufi peke yake.

"Haya, Baba," akasema. Akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo.

Baba akaanza. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja siku ile. Kidole kinashuka, kinakosa, anafuta. Kinashuka tena. S. Anapumzika, pumzi inapiga mluzi kwenye tundu la shingo. I. Wifi alikuwa anautafuna ushungi wake. Mara mbili nilitaka kusema "enhe, Baba", nikauma ulimi. Mlango uligongwa, daktari akasema "bado" bila kuondoa macho kwa Baba. Muuguzi aliyekuwa nje akaenda zake. Baba akakosea neno zima, akalifuta lote herufi kwa herufi, akaanza upya, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Mwisho akabonyeza kijani.

"Sitaki mpira. Nataka kula."

Ni ile sauti ya upole ileile, lakini kila mtu mle ndani alimjua anayeongea.

Waya akageuka. Alikuwa amesahau kuficha uso. "Baba, unajua ukikataa maana yake nini? Ni muda mfupi, Baba. Amesema mfupi. Mimi nimeshaanza kukutengenezea pampu, haina kelele, hutaisikia hata..."

Baba akanyoosha kiganja: ngoja. Akaandika. Lilikuwa neno fupi, halikumchukua muda.

"Najua."

Akaendelea kuandika. Mume wangu alisimama anasubiri kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Wewe. Kaa chini."

Wifi akacheka huku machozi yanamtiririka, kicheko kibaya cha kukwama. Waya akakaa chini. Hakukuwa na kiti, akakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, miguu imenyooka, na kofia ya shirika la maji mapajani. Daktari akaichukua fomu akairudisha kwenye jalada. Akavuta karatasi nyingine akaanza kumweleza Baba habari za dawa za maumivu, kwa sauti ya kawaida, akimwangalia yeye tu, na Baba akawa anauliza kwa herufi zake moja moja, na daktari akawa anangoja.

Tulipotoka, wifi alimshika Baba mkono wakaelekea mgahawa wa hospitali, maana alikuwa ameandika kwamba ana njaa. Mimi na mume wangu tulibaki kwenye benchi la korido. Alikuwa ameipakata mashine. Watu walipita na karatasi zao, mhudumu akapita anasukuma ndoo ya kudekia. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno tayari, na mengine ya akiba.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Alipochukua 'niko'. Nilijua kinachofuata. Mimi ndiye niliyeitengeneza, Sindano, nitakosaje kujua? Nilijua itakwenda mpaka mwisho." Alikuwa anakwaruza ufa wa skrini kwa ukucha. "Nikasema, enhe, Baba."

Nilimchukia. Niseme ukweli, kwa muda ule nilimchukia kabisa. Halafu nikamwona alivyo, mtu mzima na kofia yake ya kusomea mita, aliyeiba neno moja kwa baba yake ili abaki naye, na chuki ikanishinda kuishika.

"Ungenyamaza," akasema, "angeishi."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anavyosema betri hii imekufa, waya huu umekatika. Ningemwambia Baba amechagua mwenyewe, na ni kweli. Ningemwambia asingekuwa yeye, na hilo nalo ni kweli. Lakini alichosema yeye pia ni kweli, na hakuna kati ya hayo linaloufuta ukweli wa mwenzake. Nilijua nitalala nacho na kuamka nacho, na siku ya mazishi nitakuwa nimesimama nacho katikati ya wanawake wengine, na hakuna atakayejua isipokuwa yeye.

"Ndiyo," nikamwambia. "Angeishi."

Nikamshika mkono. Akaniachia niushike, hakuubana, hakuutoa. Tulikaa hivyo hadi wifi alipochungulia kwenye mlango wa mgahawa akatuita, Baba ameshaagiza supu ya watu wanne na anauliza tunangoja nini.